Wiki Tuliyomuuza Dolby

Jumapili, 24 Agosti

Mawili! Dolby, mshambuliaji wetu, kafunga mabao mawili jana, la pili kwa kichwa, na Baba bado anaimba. Ameimba akimenya viazi, ameimba akitafuta miwani, ameimba akiwa chooni. Ana miaka themanini na minne, sauti imeshamwisha, hajali.

Chakula cha mchana kwake kama kila Jumapili. Nyama ya kuoka, njegere, mchuzi mzito. Rafiki yangu Noreen alikuwepo. Barrie mwenye bucha naye akatokea, ingawa hakuna aliyemwalika – Barrie hujialika mwenyewe, ila angalau huleta nyama. Sisi wanne ndio safu yetu pale uwanjani, Tenter Lane, Jukwaa la Mashariki. Baba hukaa mwisho wa safu, kwenye njia, apate kunyoosha goti. Nimekaa karibu naye hapo tangu nikiwa na miaka sita. Sasa nina hamsini na saba.

Mjadala ulianza kabla nyama haijakatwa. Dirisha la usajili linafungwa Jumatatu ya tarehe mosi, saa moja jioni, na mji mzima wa Ravensfold umeshapandwa na homa. Barrie anataka Dolby auzwe, tena sasa hivi, wakati klabu kubwa bado zinammezea mate. Noreen akamwambia auzwe yeye Barrie, ila hatapata mnunuzi hata wa mkopo. Baba akagonga meza kwa uma.

"Klabu hii ni ya nani? Si yetu? Tulichanga au hatukuchanga?"

"Tulichanga, Mzee Wilf," Barrie akasema.

"Basi hatuuzi. Anayetaka Dolby aje amtazame hapa, alipe kiingilio kama wengine."

Kweli tulichanga. Klabu ilifilisika miaka saba iliyopita, mashabiki tukainunua, kila mwanachama kura moja. Na tangu Mei mimi ndiye mwakilishi wa mashabiki kwenye bodi. Mimi, dada wa mapokezi kwa daktari wa meno! Baba alikata picha yangu gazetini akaibandika kwenye friji, chini kabisa ya ratiba ya mechi. Kwake hiyo ni heshima kubwa.

Akanigeukia. "Lorna, huko bodini wanasemaje?"

Nikasema hawasemi kitu. Uongo. Jana baada ya mechi mwenyekiti, Bwana Prentice, alinivuta pembeni. Ofa imekuja, kutoka klabu ya daraja la pili, lililo juu ya letu. Kikao ni Jumanne. Niliinuka nikaenda kuosha vyombo ili nisimtazame Baba usoni.

Jumanne, 26 Agosti

Sijui niandike nini kwanza.

Bodi ni watu watano. Prentice aliweka karatasi mbili mezani. Ya kwanza ofa, kama nilivyotegemea. Ya pili ripoti ya mkaguzi wa majengo. Paa la Jukwaa la Mashariki limeoza, vyuma vimeliwa na kutu ndani kwa ndani. Lisipotengenezwa kabla ya Novemba, jukwaa linafungwa. Lote. Na fedha ya kulitengeneza hatuna, labda tumuuze mtu. Tunaye mtu mmoja tu wa kuuzika.

Majukwaa mengine yote matatu ni ya kusimama. Ngazi za zege, mvua ya ubavuni. Papo hapo nikamwona Baba kwenye ngazi zile, na goti lile. Hawezi! Hata ngazi za nyumbani kwake hushuka akiwa amekaa, akidhani sijui. Jukwaa likifungwa Baba haendi tena mpirani. Na mama alishakufa, bustani ameiacha, marafiki zake wote wako makaburini. Amebakiwa na Jumamosi tu.

Wawili walisema auzwe. Wawili wakasema hapana. Wote wanne wakanitazama.

Nikaomba mpaka Alhamisi. Prentice akanikumbusha kanuni, kwa upole, kama mtu anayemkumbusha mgeni avue viatu: ya bodini hubaki bodini. Kura hazitajwi kwa majina. Uamuzi ukipita ni wa wote watano. Na ripoti ya paa haitajwi hadi halmashauri ya mji iipate rasmi, Ijumaa ya wiki ijayo. Nilisaini kanuni hizo mwezi Mei huku nikicheka. Nilidhani ni karatasi tu.

Jumatano, 27 Agosti

Mgonjwa wa saa nne alitoka kung'olewa jino, mdomo umekufa ganzi, damu kwenye pamba, na bado akaegemea meza yangu kuniuliza habari za Dolby. Hakutamka neno hata moja sawasawa. Nilielewa yote.

Kundi letu la simuni lina ujumbe mia tatu tangu asubuhi. Wapo wa auzwe. Wapo wa asiuzwe. Wapo wa aondoke mwenyekiti. Mmoja anataka supu ya mapumziko irudishwe. Barrie anaandika kwa herufi kubwa tupu, Noreen anamjibu kwa picha za punda.

Mchana Baba akapiga simu. Yuko duka la klabu. Anataka jezi mpya, na mgongoni waandike DOLBY. Baba! Mtu ambaye maisha yake yote hajawahi kuvaa jina la mchezaji, kwa sababu wachezaji hupita, anasema, na jezi hubaki. Nikamwambia asubiri wiki ijayo, huenda kutakuwa na punguzo.

Akacheka. "Nina miaka themanini na minne, mwanangu. Nisubiri nini?"

Kisha nikaisikia ile mashine ya kubandika herufi ikishuka. Nikasema, itakupendeza, Baba. Nikakata simu, nikaenda kujifungia stoo, kwenye maboksi ya glavu, nikalia mpaka mgonjwa wa saa nane alipobonyeza kengele.

Alhamisi, 28 Agosti

Nimeinua mkono. Tatu kwa mbili.

Niliweka sharti: mbadala asajiliwe kabla ya saa moja Jumatatu, mshambuliaji wa kweli, si mtu wa kujaza benchi. Limeandikwa. Prentice ana jina tayari.

Kwa hiyo paa litatengenezwa na Baba atabaki na kiti chake. Atakaa pale akimtazama nani, hilo sijui. Sijala leo.

Jumamosi, 30 Agosti

Bila kwa bila. Dolby hakuvaa jezi. Wametangaza ni msuli wa paja.

Safu yetu ikaanza kunusa mara moja. Barrie akasema mapaja ya watu wanaouzwa huwa yanauma ghafla, tena mwisho wa Agosti. Noreen akamwambia afunge bakuli lake. Lakini naye alinitupia jicho. Tumekuwa marafiki miaka arobaini, hakuna kinachompita. Nikajifanya nasoma karatasi ya vikosi.

Baba alivaa ile jezi juu ya sweta. Imemkaa vibaya, mabega yameisha. Dolby alipotokea na koti akakaa nyuma ya benchi, Baba alisimama – alisimama! – akageuka akamwonyesha mgongo. Dolby akaona jina lake. Akampungia. Baba akakaa chini, uso umemng'aa.

Mapumziko nilikutana na Dolby kwenye korido ya vyumba vya kubadilishia. Akaniambia yeye mwenyewe anataka kwenda, mkewe anajifungua karibu na Krismasi, nafasi kama hii hairudi. Nisijisumbue, akasema. Halafu akauliza kama yule mzee wa jezi ni baba yangu. Nikasema ndiye.

"Mwambie..." akaanza. Kisha akatikisa kichwa. "Hapana. Usimwambie kitu."

Kwenye gari Baba alikuwa anapanga mechi ijayo. Paja litapona kwa wiki moja, anasema, ajipake mafuta ya kafuri alale na soksi. 

Jumatatu, 1 Septemba

Nianze mwanzo.

Saa tano asubuhi klabu ikatangaza. Dolby ameuzwa. Saa tano na dakika mbili, Baba kwenye simu. Hakusalimia.

"Wamemuuza."

"Najua, Baba."

"Ulipinga, sivyo?"

"Siruhusiwi kusema nani alipinga na nani hakupinga. Unaijua kanuni."

Nikasikia redio yake jikoni. Kisha akasema kwa upole, upole ambao sijausikia tangu mazishi ya mama, "Nimeelewa. Pole, mwanangu. Walikuzidi kura." Akakata.

Ningeweza kupiga tena. Nilikuwa na simu mkononi. Sikupiga, nikampangia mgonjwa miadi ya kuziba jino.

Saa nane nikaenda uwanjani. Watu kama mia mbili kwenye maegesho, viti vya kukunja, chupa za chai, mikate ya bekoni kwenye karatasi, kama kila mwaka siku hii – wanakaa kuangalia gari la nani linaingia getini. Mwaka jana walimshangilia fundi wa boila kwa sababu alikuwa mrefu, wakamdhania mchezaji mpya. Leo hakuna aliyecheka. Mvua nyembamba. Barrie alikuwa amepanda juu ya kreti la maziwa.

"Mimi nilisema auzwe, sikatai!" akapaza sauti. "Lakini mapema! Siyo leo! Nani anauza nyumba yake asubuhi halafu jioni ndio anatafuta pa kulala?"

"Jumapili ulisema auzwe sasa hivi," Noreen akamjibu. "Nilikuwepo. Ulikuwa na njegere kidevuni."

"Na wao wakachelewa siku nane!"

Mtu mmoja nyuma akasema wamchezeshe yule dogo wa akademi. Wakamzomea. Yule anayekimbia utadhani amekosa basi? Mwingine akasema tatizo si kuuza, tatizo ni bodi kusubiri dakika ya mwisho kila mwaka ili wapate vya bei rahisi. Mwingine akasema hata ungesubiri vipi, samaki wa jioni ni samaki wa jioni. Walibishana hivyo saa nzima, na katika yote waliyosema sikusikia la uongo hata moja.

Kisha wakaniona.

"Lorna! Tulikuchagua sisi! Fedha inakwenda wapi?"

Nikasema taarifa itatolewa kwa wakati wake. Niliisikia sauti yangu. Ilikuwa ya Prentice mtupu.

Baba akapenya katikati ya watu, amevaa jezi ile ile, DOLBY mgongoni, imeloa. Nilidhani anakuja kunikemea. Akanishika mkono, akauinua mbele ya watu wote kama refa wa ndondi.

"Mwacheni huyu! Huyu alikuwa upande wetu. Walimzidi kura!"

Wakanipigia makofi. Watu mia mbili wakanipigia makofi, na mimi nimesimama pale nimeinuliwa mkono ule ule. Mungu wangu. Nilitaka ardhi ipasuke.

Mbadala anaitwa Marlon Speight. Ametokea kusini, mabao kumi na nane msimu uliopita. Walikubaliana naye kila kitu tangu Ijumaa, ilibaki saini. Alianza safari saa tano. Lori likapinduka kwenye barabara kuu, foleni maili kumi na moja. Alifika saa kumi na mbili na dakika ishirini, na maegesho yakalipuka utadhani ameshafunga. Prentice alikuwa mlangoni. Katibu, Nigel, alikuwa ameshawasha kompyuta.

"Ofisini kwanza," Prentice akasema. "Asaini, tutume, mengine baadaye."

Nami nikasema hapana.

Kwetu mchezaji mpya hasaini ofisini. Husaini kwenye ukumbi wa mashabiki, kwenye meza ya zamani ya kiwanda cha nguo, mbele ya watu. Mwanachama mzee kuliko wote humkaribisha kikombe cha chai, na akikimaliza mpaka chini ndipo hupewa kalamu. Ilianza enzi za babu. Mmiliki wa zamani, yule aliyetufilisi, aliifuta. Sisi tukairudisha, na mwezi Mei, nilipoomba kura, ilikuwa ahadi yangu ya kwanza: hakuna atakayesaini tena mlango ukiwa umefungwa.

Mwanachama mzee kuliko wote ni Baba.

"Tumewachukulia Dolby asubuhi," nikamwambia Prentice. "Hiki tusiwanyime. Dakika kumi tu." Nilitaka kuwapa kitu. Nilitaka kumpa yeye kitu. Prentice akatazama saa yake, akanitazama mimi, akasema, "Dakika kumi, Lorna."

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Baba alikuwa ameshachana nywele kwa maji. Akagusa birika, akasema maji yamepoa, hawezi kumpa mgeni maji yaliyopoa. Akachemsha upya! Alipomimina, mikono ikamtetemeka, nusu ikaingia kwenye sahani. Akamwaga, akaanza tena. Noreen alitaka kumsaidia, akamkatalia kwa kiwiko.

Halafu akatoa hotuba. Haijawahi kuwa na hotuba. Akaanza na siku aliyoletwa uwanjani na baba yake, amebebwa mabegani, viatu vimejaa theluji. Akamtaja kipa aliyekuwa na vidole saba. Akaitaja timu iliyopanda daraja na wote walioisindikiza mjini kwa miguu. Alipomtaja mama, ambaye alichukia mpira na bado alimfulia skafu kila Ijumaa, ukumbi mzima ulikuwa unafuta macho. Nigel alisimama mlangoni akigonga saa ya mkononi kwa kidole. Niliona. Niliona kila mara alipogonga.

Ningeweza kusema, Baba, basi. Neno moja tu. Lakini alikuwa na furaha, leo, siku ambayo niliapa hatatabasamu. Nikamwacha aseme. Hili nimelifanya nikijua, na humu angalau nisijidanganye.

Chai ilikuwa ya moto kweli. Speight ni mtu mwenye adabu, akawa anapuliza na kunywa kidogo kidogo, macho yanamtoka machozi, watu wakipiga meza: "Mpaka chini! Mpaka chini!"

Alisaini saa kumi na mbili na dakika hamsini na sita. Nakala nne, kila ukurasa. Nigel akazinyakua akakimbia. Mashine ya kuskani ikatafuna ukurasa wa tatu. Akauchomoa, akaunyoosha kwa kiganja, akarudia.

Zilifika ofisi ya ligi saa moja na dakika mbili, dirisha limeshafungwa.

Prentice hakunifokea. Alivua miwani akaifuta kwa tai, akaivaa tena. Kule ukumbini bado walikuwa wanaliimba jina la Speight, na sauti ya Baba ilikuwa juu ya zote, imepasuka.

Jumanne, 2 Septemba

Ligi imekataa. Tumeandika barua ya maombi, wamejibu kwa mistari miwili. Muda ni muda.

Speight amerudi kusini asubuhi. Alikuja kuaga, akanishika mkono, akasema chai ilikuwa nzuri. Alimaanisha! Afadhali angenitukana.

Hatuna mshambuliaji mpaka Januari. Barrie anasema tutafute mtu asiye na klabu wala magoti.

Jumatano, 3 Septemba

Taarifa ya klabu inasema "kwa sababu za muda". Hakuna aliyeridhika. Mwenye duka la magazeti ameandika mlangoni kwa chaki: MABAO YAMEKWISHA, ULIZENI BODI.

Noreen alikuja saa kumi na moja, nilipokuwa nafunga kliniki. Hakukaa. Aliuliza nani aliyesema waanze na chai.

"Mimi."

Akavuta pumzi. "Hilo nilijua. Niliona uso wa Prentice." Kisha akauliza, polepole, "Na Dolby?"

Nilikuwa na paa zima kinywani, vyuma, kutu, goti la Baba, yote, na Ijumaa bado siku mbili. Nikatazama funguo mkononi. Kunyamaza kwangu kulimtosha.

"Ah, Lorna. Ah, shoga yangu." Macho yakamjaa. "Na ulisimama pale ukapigiwa makofi."

"Nilikuwa na sababu."

"Kila anayetuuza huwa na sababu."

Mlangoni akageuka akasema hatamwambia mzee, hilo nisiwe na wasiwasi. Lakini Jumamosi atakaa kwingine. Miaka arobaini! Alikuwa ananishika mkono nilipojifungua, akanishika mkono talaka ilipotoka. Nimebaki nimesimama na shata la mlango limeshuka nusu.

Alhamisi, 4 Septemba

Baba yuko hapa. Amekaa sebuleni kwenye kiti cha dirishani, koti hajavua. Amekuja kwa miguu, kwenye mvua, na goti lile, kwa sababu basi lingemchelewesha. Anadhani nanakili barua aliyoniletea. Naandika humu kwanza, nipate kupumua.

Alipoingia hakuanza na barua. Alisimama pale kwenye zulia akaniuliza jambo ambalo nilikuwa naliogopa.

"Wanasema ni chai. Barrie hasemi, lakini wengine nimewasikia buchani. Ni chai yangu, Lorna? Ni mimi niliyemkosesha yule kijana?"

"Hapana, Baba. Mashine ilikwama."

"Hotuba ilikuwa ndefu."

"Ilikuwa nzuri. Mashine ilikwama, ilitafuna karatasi. Muulize Nigel."

Akaitikia kwa kichwa mara nyingi. Akafuta pua. Nikaona amelibeba hilo siku tatu peke yake, na hata sasa hajalitua vizuri. Ningeweza kumaliza yote pale pale. Ningeweza kusema, Baba, aliyekataa ofisi ni mimi, aliyekuacha useme ni mimi. Nikasema tu akae, amelowa.

Akatoa karatasi mfukoni, imekunjwa mara nne. Ni barua ya wanachama kwa bodi. Wameitunga yeye na Barrie, ila mwandiko wake siku hizi haumfai hata yeye mwenyewe, anataka niinakili vizuri. Barrie ataizungusha kesho asubuhi, Jumamosi isomwe ukumbini kabla ya mechi. Watu sitini wameshasema watasaini.

Mwanzo ni salamu. Kisha inasema kura ilikuwa tatu kwa mbili, mji mzima unajua, haya hayafichiki. Kisha inasema wanachama hawataki fedha, hawataki maelezo. Wanataka majina ya watatu walioinua mkono, na wanataka watatu hao waondoke Tenter Lane na wasirudi, hata kama watazamaji. Hapo Barrie amepiga mistari mitatu kwa rula, moja, mbili, tatu, mitupu, ili katibu aijaze mbele ya watu.

Chini kuna maneno ya Baba peke yake, nimeyatambua: "Tunamshukuru binti yetu Lorna Ackroyd, ambaye hakutuuza."

"Hapo kwenye jina lako andika kwa herufi kubwa," amesema kutoka sebuleni. "Usione haya."

Nimenakili salamu. Nimenakili tatu kwa mbili. Mwandiko wangu mzuri, ule wa kadi za miadi. Kesho ndiyo Ijumaa, kesho wataambiwa habari za paa, na labda Barrie atakuna kichwa, labda Noreen atapiga simu. Baba hatajali paa. Namjua. Atasema angesimama kwenye mvua. Angesema hivyo na kwa kweli angejaribu, na angeanguka ngazi ya tatu, na bado angesema.

Nimepiga mistari mitatu kwa rula, kama Barrie.

Anauliza nimefika wapi. Nimemwambia kwenye majina. Amesema hayo niyaache wazi, hatuyajui.

Mstari wa pili na wa tatu nimeiacha wazi. Siwezi kuwataja wengine, na sitawataja. Kwenye mstari wa kwanza nimeandika jina langu, kwa herufi kubwa alivyotaka, na wino bado haujakauka. Baba ameinuka. Nasikia goti likilia. Amesema nimpe aisome kabla hajaondoka, na anakuja, miwani ameshaivaa –